Charleston kwa siku moja: ungo, kamba na suali la mtoto

Jamaa wanaokuja Marekani kutoka Maskati au Dubai, wengi wao wanataka New York na Orlando tu. Siye tunaoishi Atlanta tuna safari yetu jengine: Charleston, mji wa bandari wa jimbo la South Carolina, mwendo wa saa tano hivi kwa gari. Mara hii tulimpeleka mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Maskati, na watoto wetu wawili. Tulifika usiku, tukalala hotelini, asubuhi tukaanza kutembea.

Mji wenyewe ni wa kutembelea kwa miguu. Nyumba nyingi za zamani ni nyembamba, ubavu ndio unaotazama barabara, na upande mmoja una baraza ndefu ya kupatia upepo wa bahari. Mama alizipenda mno. Zile 13 zilizopakwa rangi rangi pale East Bay Street kila mtu anazipiga picha, na siye tukapiga.

Tulipokaa sana ni City Market, soko refu la mabanda ya matofali. Hapo utawakuta wanawake wa Kigullah, wazao wa watumwa waliolimishwa mpunga pwani hii, wakitengeneza vikapu. Hawasuki kama kwetu, wanashona: wanazungusha shada la majani, kisha wanalifunga kwa utepe wa mti wa jamii ya mkindu, na tundu wanalitoboa kwa mpini wa kijiko. Mama akaona kimoja kipana, hakina kina.

"Huu si ungo huu?" Akaushika, akapeta hewa.

Muuzaji akacheka sana, akatueleza kuwa wazee wake ndivyo walivyopepeta mpunga. Ujuzi huo watu walikuja nao kutoka Afrika Magharibi, na mpunga ndio uliowatajirisha mabwana wa mji huu. Vikapu si rahisi, vidogo ni makumi ya dola, vikubwa ni mamia. Mama alivutana bei kwa Kiswahili, yule akajibu kwa Kiingereza, wala hakupunguza hata senti. Ungo ukanunuliwa.

Kwenye chakula, ulizeni kwanza. Wali wa kunde upo na unanukia, lakini aghlabu hutiwa nguruwe. Hata kamba wanaoliwa na uji mzito wa mahindi, mara nyingi hutiwa nguruwe wa kukaushwa. Tulimwambia mpishi asitie, akatuelewa. Biskuti zao za ufuta ni salama kwa meno ya watoto na ya bibi yao. Adhuhuri na Alasiri tulizisali bustanini kando ya maji, karibu na chemchemi yenye umbo la nanasi.

Mchana tukaenda jumba la makumbusho la Waamerika wenye asili ya Afrika, lililofunguliwa Juni 2023 pale ilipokuwa gati ya Gadsden. Inakadiriwa karibu wanne katika kila Waafrika kumi walioletwa Amerika ya Kaskazini utumwani walipitia bandari ya Charleston. Jengo limenyanyuliwa juu ya nguzo 18, ardhi ya gati ikaachwa wazi. Chini yake kuna bwawa la kina kifupi, na sakafuni mwake zimechorwa sura za watu waliolazwa bega kwa bega kama ndani ya jahazi. Maji yanajaa, yanatoka.

Hapo ndipo nilipowasimulia watoto habari za Omar ibn Said, mwanachuoni kutoka Futa Toro, Senegal ya leo, aliyeletwa Charleston 1807. Alitoroka, akafungwa North Carolina, akaandika Kiarabu kwenye kuta za jela. Mwaka 1831 aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiarabu, akaanza na Suratul Mulk.

Mwanangu wa miaka kumi na moja akanyamaza kidogo, kisha akamgeukia bibi yake. "Bibi, Unguja si kulikuwa na soko kama hili? Siye tulikuwa wepi? Waliouzwa au waliouza?"

Mume wangu akakohoa. Kwetu suali hili hujibiwa kwa "kacheze huko". Soko la Mkunazini lilifungwa 1873, na mpaka leo ukilitaja barazani, kahawa inapoa.

"Sote wawili, mjukuu wangu," Mama akasema. "Mama wa babu yangu alikuwa suria, katolewa Manyema. Na aliyemnunua ndiye baba wa babu yangu."

"Jina lake nani?"

"Wakimwita Yasmini. Hilo kapewa na bwana. La kwao hatulijui."

Binti yangu akauliza kama alilia. Mama akasema hakuna aliyemuuliza.

Ndani ya jumba kuna kituo cha nasaba, na kinasaidia watu kutafuta wazee wao. Mkienda, kateni tiketi mapema na mtenge saa tatu nzima, maana siye mbili hazikututosha.

Njiani kurudi Atlanta, Mama alikuwa akitaja majina, mume wangu anaendesha, mimi naandika kwenye simu. Upande wa wanaume tulipanda mpaka majina saba bila kusita. Upande wa wanawake tulifika matatu, na la tatu ni Yasmini.