Silika, Utambuzi na Ndege Anayeongoza Watu Kwenye Asali

Katika vifungu vya ufahamu vinavyohusu wanyama, mwanafunzi huulizwa kama tendo fulani ni la silika au la utambuzi. Wengi hupima ustadi: tendo likishangaza wanaandika utambuzi, likiwa la kawaida wanaandika silika. Kipimo hicho kinapotosha. Buibui hafundishwi na yeyote kutega utando wake, na ustadi wake ni wa ajabu.

Silika ni mwenendo anaozaliwa nao mnyama. Utambuzi ni hali ya kiumbe kuhisi na kujua yanayompata. Kati ya hayo mawili kuna kujifunza, na hapo ndipo majibu mengi huharibika.

Mtaalamu wa wadudu wa Ufaransa, Jean-Henri Fabre, alimchunguza nyigu anayewinda nyenje. Nyigu huyo hulileta windo mlangoni pa shimo, huliacha hapo, huingia kukagua, kisha hutoka kulivuta ndani. Fabre alimsogeza nyenje kidogo nyigu akiwa shimoni. Nyigu akatoka, akamrudisha nyenje mlangoni, akaingia kukagua upya. Fabre alirudia mara 40, na nyigu hakubadili utaratibu wake. Kisa hiki husimuliwa sana kuonyesha kuwa mdudu ni mashine tu. Kinachoachwa nje ni kwamba Fabre mwenyewe alikuta kundi jingine la nyigu wa aina hiyohiyo ambao, baada ya kusogezewa windo mara mbili tatu, walilivuta ndani moja kwa moja. Swali la kumuuliza mnyama ni hili: hali ilipobadilika, alifanya nini?

Sasa tumtazame mlembe, ndege mdogo anayewaita watu na kuwaongoza hadi kwenye nyuki. Watu wakivunja mzinga na kuchukua asali, yeye hula nta. Mlembe hutaga kwenye viota vya ndege wengine, na kinda lake, likiwa bado halijafumbua macho, huwaua makinda wenyeji kwa ncha kali za mdomo wake. Hakuna aliyelifundisha, hiyo ni silika tupu. Wala halilelewi na mlembe yeyote ambaye lingeweza kumwiga.

Hata hivyo, ndege huyohuyo hujifunza. Huko Niassa, Msumbiji, Wayao humwita kwa mlio maalumu wa mtetemo unaomalizikia kwa mguno. Utafiti ulioongozwa na Claire Spottiswoode, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kuwa mlio huo ulipandisha uwezekano wa kuongozwa na mlembe kutoka asilimia 33 hadi 66. Wahadzabe wa kaskazini mwa Tanzania hupiga mluzi. Mwaka 2023, Spottiswoode na Brian Wood walieleza kwamba milembe wa Tanzania waliitikia mluzi wa Wahadzabe zaidi ya mara tatu kuliko mlio wa Wayao, na wale wa Niassa waliuitikia zaidi mlio wa Wayao. Maelezo yanayoridhisha ni kwamba mlembe hujifunza ishara za watu wa mahali anapoishi.

Je, anajua anachokifanya kama sisi tunavyojua? Kujifunza peke yake hakuthibitishi hilo. Azimio la Cambridge kuhusu utambuzi, lililotolewa na wanasayansi mwaka 2012, lilitamka kwamba mamalia na ndege wote wana miundo ya neva inayozalisha utambuzi, na mimi nalipa uzito. Lakini azimio linazungumzia uwezo wa ubongo. Halitwambii mlembe anahisi nini anaporuka mbele ya mrina asali.

Kwa hiyo mtahiniwa atenganishe kile mnyama alichofanya na vitenzi vya mwandishi. "Ndege aliruka mti hadi mti akilia" ni jambo lililoonekana. "Ndege alitaka kumsaidia mwindaji" ni tafsiri ya mwandishi. Jibu lenye nguvu juu ya mlembe litasema hivi: kinda kuua makinda wenyeji ni silika, kuitikia mluzi wa Wahadzabe kuliko mlio wa Wayao ni kujifunza, na kama kifungu hakitoi ushahidi wa kile anachohisi, basi kuhusu utambuzi wake hakijathibitisha chochote.