Chai ya Asubuhi Baada ya Harusi

Kikao cha harusi kikikaa katika ukoo wetu hapa Mombasa, mimi huwaacha watu wamalize mabishano ya ukumbi, mapambo na idadi ya mbuzi, kisha huuliza: na asubuhi yake wageni watakunywa chai na nini? Aghalabu hujibiwa kwamba pilau haikosi kubaki. Jibu hilo silikubali hata kidogo.

Kwanza, kwa ajili ya afya. Wali ukilala ndani ya sufuria kubwa, kwa joto hili letu la pwani, katikati haupoi upesi, na humo vijidudu huzaana. Vingine huacha sumu ambayo haiondoki hata ukiupasha moto vizuri. Anayetaka kuuweka autandaze kwenye masinia usiku uleule utoke mvuke, kisha autie frijini kabla muda wa saa mbili haujapita. Friji ikiwa ndogo, wagaiwe majirani mapema.

Pili, kwa ajili ya heshima, na hili ndilo linalonigusa zaidi. Mtu aliyetoka Lamu, Tanga au Nairobi hakuja kwa ajili ya sahani ya ukumbini. Usiku wa harusi ngoma zinalia, watu wamejaa, na ndugu wasioonana miaka huishia kupungiana mikono kwa mbali. Asubuhi ndipo watu huketi jamvini wakaulizana hali, mabibi wakazichambua nasaba, na jamaa za bwana harusi wakajua nani ni nani upande wa pili. Chai hiyo inastahili kupikwa kwa kukusudiwa, na fungu lake litengwe tangu siku ya kikao.

Kwetu ni mahamri na mbaazi za nazi. Viazi karai na papai vikiwapo ni vyema, lakini mahamri na mbaazi ndiyo nguzo. Kwa watu 50 mimi hukadiria mahamri 4 kila mmoja. Kilo moja ya unga nikiigawa madonge 8, na kila donge nikalikata vipande 4, hutoka mahamri 32. Kwa hiyo kilo 7 zinatosha, na watoto hupata nyongeza. Mbaazi kavu kilo 4 hazipungui, kwa kuwa zikilowekwa na kuiva huongezeka zaidi ya maradufu.

Mbaazi zilowekwe usiku, zibandikwe jikoni alfajiri. Zikishalainika, tia tui jepesi, bizari na pilipili. Tui zito lingoje mwisho, moto uwe mdogo, na mkono usiache kukoroga, ama sivyo litakatika. Unga nao usikandwe usiku. Joto letu huuumua haraka, na ukipitiliza huwa mchachu. Ukikandwa baada ya sala ya alfajiri kwa tui la uvuguvugu, sukari, hamira na iliki, utakuwa tayari wageni wanapoanza kuamka, na hamri litaliwa likiwa moto, jinsi linavyotakiwa.

Chai ni lita 25, yaani vikombe viwili vya robo lita kwa kila mtu. Tangawizi ichemke kwanza pamoja na maji na majani ya chai, maziwa yafuate, yasije yakakatika. Na liwepo birika la pili lisilo na sukari. Katika kila harusi wapo wazee wenye kisukari, na si adabu kumwacha mzee aombe.

Sasa, mikono. Wapishi wa pilau wamekesha, wapumzike. Kilo 7 zataka watu wawili wa kukanda, mmoja wa kusukuma na mmoja wa kusimamia karai, nao wachaguliwe mapema na walale mapema. Wasipopatikana, mpeni oda mama anayeuza mahamri mtaani kwenu, na fedha kidogo za kutangulizia; hakuna aibu. Ila mama wa bibi harusi asishike hata mwiko. Mwanawe ameondoka jana. Akalishwe kati ya dada zake, atiliwe chai.

Wasafiri ndio wa kuangaliwa mwanzo. Kuna wa treni ya Nairobi, wa basi la Lamu, na wanaoelekea mpaka wa Lunga Lunga, nao hawawezi kungoja jamvi lijae. Fungu lao lichomwe kwanza, lipoe kidogo, kisha lifungwe kwa karatasi. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu 2017, na hata ingeruhusiwa, mahamri ya moto hutoa jasho humo yakalegea. Mbaazi sizifungi, kwani nazi haistahimili safari ya joto. Huwatilia mayai ya kuchemsha na ndizi mbivu, na wakifika Tanga hupiga simu kuuliza kama mahamri yamebaki.