KUONGEZA CHUMBA: TUANZE LINI, TUMALIZE LINI?

Watoto wanapokua, au mzazi mzee anapokuja kukaa nasi, nyumba huwa ndogo. Hapo ndipo tunapoulizwa: kuongeza chumba huchukua muda gani? Fundi atakuambia wiki mbili tu. Sisi tunasema chumba kimoja cha mawe, futi 10 kwa 12, chenye paa la mabati, kihesabieni miezi minne hivi. Hebu tuone siku hizo zinakwenda wapi.

1. Kupanga: miezi miwili. Kaeni kama familia mpatane juu ya ukubwa na pesa. Fundi awape orodha ya vifaa, nanyi mkaulize bei katika maduka mawili matatu. Panapotakiwa kibali, mchoro hupelekwa kaunti. Sheria ya mwaka 2019 inaipa kaunti siku 60 za kujibu. Msichimbe kabla ya hapo.

2. Msingi: wiki mbili. Nyumba ya zamani imekwisha tulia, lakini chumba kipya kitashuka kidogo. Mwambieni fundi aache nafasi ndogo kati ya ukuta mpya na ule wa zamani, la sivyo mtaona ufa.

3. Kuta na linta: wiki tatu. Kuta zenyewe hupanda haraka. Linta, yaani ile konkriti ya juu ya mlango na dirisha, ndiyo inayotaka subira. Imwagiliwe maji asubuhi na jioni kwa siku 7, na mbao za kuishikilia zikae wiki mbili. Kwa kuwa mbao ni za kukodi, wengine huzitoa siku ya tatu. Konkriti huonekana ngumu kwa macho, kumbe nguvu yake huhesabiwa kwa siku 28. Linta ikianguka, humwangukia mtu.

4. Paa: wiki moja.

5. Plasta, sakafu, mlango na rangi: wiki tatu. Plasta isipokauka vizuri, rangi itabambuka.

Sasa angalieni mvua. Sehemu nyingi za nchi yetu hupata masika Machi hadi Mei, na vuli Oktoba hadi Desemba. Mkipanga Novemba na Desemba, mkachimba msingi mwanzoni mwa Januari, paa litakuwa juu kabla ya masika.

Lakini kinachochelewesha zaidi si mvua wala fundi, ni pesa. Kuta nyingi tunazoziona zimeota nyasi zilianzwa bila pesa za mabati. Shauri letu ni hili: msipandishe kuta kabla pesa za paa hazijapatikana. Kama mnategemea zamu yenu ya chama, ingojeeni kwanza. Katika Luka 14, Bwana Yesu anatukumbusha juu ya mtu aliyeanza mnara akashindwa kuumaliza, watu wakamcheka. Tuketi kwanza, tuhesabu, halafu tujenge.