Mungu Hajahamia Karura, ila Huko Utamsikia

Ukiishi Pipeline unajua hali. Jirani wa juu anaburuta viti, wa kando ana redio, na kanisa la ghorofa ya chini lina spika nyingi kuliko waumini. Ukipiga magoti tu, simu inalia.

Sikwambii uache kanisa. Nakwambia Jumamosi moja uingie msitu wa Karura kwa lango la Limuru Road, utembee hadi kwenye maporomoko ya maji, ukae. Usiombe chochote kwanza. Kichwa kitapiga kelele za kodi, kazi, yule ex, halafu kitachoka chenyewe. Hapo ndipo maombi huanza, bana.

Wala si mambo ya wazungu haya. Wakikuyu wa zamani walisali chini ya mugumo, na mamake Wangari Maathai alimkataza kuokota kuni za mti huo kwa kuwa ni wa Mungu. Binti huyo ndiye aliyepigwa hadi kutoka damu hapo Karura Januari 1999, akijaribu kupanda mti wakati wakubwa walikuwa wamegawiana ardhi ya msitu wajenge. Angenyamaza, leo ungekuwa unaomba kwenye maegesho ya magari.

Arboretum pia iko sawa, ila huko watu huomba kwa sauti, kwa hivyo wahi asubuhi.

Na maji usibebe kwa chupa ya kutupa. Plastiki hizo zilipigwa marufuku misituni tangu Juni 2020.