Bukundi hadi Dar: ndege ya saa moja, safari ya siku nzima

Kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 850 angani. Airbus A220 ya Air Tanzania huzimaliza kwa saa moja na dakika ishirini hivi; ATR ya Precision Air, ambayo ni ya pangaboi, hukaribia saa mbili. Lakini kwa mfanyabiashara wa dengu au pamba anayetokea Bukundi, wilayani Meatu, mkoani Simiyu, muda huo ni kipande kidogo tu cha safari yake.

Ukiangalia ramani utaona ajabu yenyewe. Bukundi iko kusini-mashariki mwa Mwanza, na kwa mstari ulionyooka haifiki kilomita 700 kutoka Dar. Yaani mtu wa Bukundi yuko karibu na Dar kuliko wa Mwanza. Hata hivyo, akitaka ndege ya Mwanza, huanza kwa kuipa Dar kisogo: zaidi ya kilomita 150 kuelekea ziwani, kisha kusubiri uwanjani, ndipo arushwe kurudi upande aliotoka. Nauli ya tiketi anaijua. Gari la kumfikisha Mwanza, chakula na kitanda cha usiku mmoja ni gharama ambazo hakuna shirika linalozitangaza.

Si kwamba Meatu hakutui ndege. Cessna ndogo huleta watalii wa hifadhi binafsi ya Mwiba kutoka Arusha kwa takriban saa moja. Tofauti iko kwenye mfuko wa abiria. Ndege hunywa mafuta mengi zaidi inapopaa, kwa hiyo safari fupi huwa ghali kwa kila kilomita, na Cessna ya viti visivyozidi kumi na vitatu haina watu wengi wa kugawana gharama hiyo. Kampuni ya ndege ya Fastjet ilianza Novemba 2012 kwa nauli nafuu kati ya Dar na Mwanza, ikiwa na ndege za viti zaidi ya mia moja na soko la jiji kubwa, na bado haikudumu hadi mwaka 2020.

Njia yenye tija kwa Bukundi inaelekea kusini. Daraja la Mto Sibiti limeifungua Meatu kwa Singida, na Singida hadi Dodoma ni lami. Tangu Julai 2024 treni ya umeme inatoka Dodoma hadi Dar kwa takriban saa nne, na abiria anasonga mbele muda wote.

Kwa hiyo viongozi wa Simiyu wanaowaza uwanja wa ndege waanze na lami: barabara ya kutoka Mwanhuzi, makao makuu ya Meatu, kupitia Bukundi na Sibiti hadi Singida ikamilishwe kwanza. Shilingi itakayowekwa hapo itaokoa saa nyingi zaidi za wafanyabiashara wa Meatu kuliko ndege yoyote.