Kutoka Arusha Jazz hadi Les Wanyika: Kirai Kilivyogeuka Nomino

Makala haya yanachunguza mabadiliko ya kimofolojia katika jina la bendi ambayo chimbuko lake ni Arusha.

Mwaka 1970 ndugu Wilson na George Peter Kinyonga, waliokwisha kupiga muziki katika Jamhuri Jazz ya Tanga, waliunda Arusha Jazz. Nchini Marekani neno jazz lingemfanya msikilizaji atarajie kiongozi mpiga saksafoni au tarumbeta. Katika majina kama Morogoro Jazz na NUTA Jazz lilimaanisha bendi ya dansi tu, na ndugu hao walikuwa wapiga gitaa.

Mwaka 1971 walihamia Nairobi, wakaliacha neno jazz na kujiita Simba Wanyika. (Barabara iendayo huko kutoka Arusha hupita Ngaramtoni, kisha hushuka katika nyika hasa.) Kisarufi jina hili ni kirai, simba wa nyika, ambamo wa ni -a unganifu inayopatana na simba mmoja. Lakini lilipoandikwa kwa kuunganishwa, Wanyika likawa linasomeka pia kama nomino ya ngeli ya 2, yaani watu wa nyika, jina ambalo watu wa pwani waliwaita Wamijikenda hapo zamani, tena si kwa heshima.

Mwaka 1978 mpiga gitaa Omar Shabani na wenzake walijitenga na kujiita Les Wanyika. Simba aliachwa, wa ikachukuliwa. Les ni kibainishi cha wingi cha Kifaransa, nacho kinapatana barabara na wa- ya wingi. Ushahidi huu peke yake ni hafifu, kwani Les lilikuwa pambo la kuigwa kutoka Kongo, kama katika Les Mangelepa. Wenye nguvu zaidi ni wa Super Wanyika ya Issa Juma: Les haimo, wa- imebaki.

Hali hii si ngeni. Ngarenanyuki, upande wa pili wa Mlima Meru, ni kirai cha Kimaasai chenye maana ya maji mekundu, lakini kwa msemaji wa Kiswahili ni neno moja lisilogawanyika.

Hata hivyo, sarufi haielezi yote. Bendi iliyojitenga ilihitaji kutambuliwa na wanunuzi wa santuri, na neno nyika tupu lisingewakumbusha chochote. Kwa hiyo mhariri wa orodha za santuri anayesahihisha Simba Wanyika kuwa Simba wa Nyika hurejesha kirai cha mwaka 1971, ila akifika kwenye Les Wanyika hana pa kuikata.