Mtandao usio na mwenye mmoja: nani anajibu kwa niaba ya seva?

KABEZA, Kigali – Jioni ya tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika duniani kote kwa takribani saa sita. Mfanyabiashara wa Kabeza aliyefuatilia lori lake la Rusumo kwa WhatsApp peke yake alibaki na simu ya kawaida tu. Mitandao yote mitatu ni ya kampuni moja, hivyo ilianguka pamoja.

Ipo mitandao ya kijamii iliyojengwa kwa namna nyingine. Mastodon, iliyoanza mwaka 2016, ni seva nyingi zenye wenyewe tofauti, zinazopashana habari kwa itifaki ya ActivityPub iliyoidhinishwa na shirika la W3C Januari 2018. Chama cha wasafirishaji kinaweza kuwa na seva yake. Ya jirani ikizimika, yake inaendelea.

Katika itifaki hiyo, kila anayetuma au kupokea ujumbe huitwa mhusika. Mhusika anaweza kuwa mtu, kikundi, shirika, huduma au programu. Mhusika wa seva ni yule anayesimama kwa niaba ya seva nzima, si kwa niaba ya mwanachama mmoja.

Kwa nini anahitajika? Fikiria mpakani. Dereva ana jina lake, lakini forodha ikitaka kujua nani anawajibika kwa mzigo, huuliza kampuni au wakala. Seva nazo hutiliana saini, kama sili kwenye kontena. Seva ya kwanza ikiomba taarifa, ya pili hudai saini, kisha huenda kuchukua ufunguo wa kuihakiki. Kama ya kwanza nayo haitoi ufunguo bila saini, zote mbili hukwama zikisubiriana. Ndiyo maana mwaka 2019 Mastodon iliweka mhusika wa seva: ufunguo wake uko wazi kwa yeyote, na husaini maombi ya seva yenyewe.

Tatizo ni kumpata. ActivityPub haisemi anakaa wapi, na kila programu humweka inapopenda. Mapendekezo mawili yametolewa na watengenezaji. La kwanza, FEP-d556, linatumia WebFinger, utaratibu wa mwaka 2013 wa kutafuta akaunti: badala ya kuuliza jina la mtu, unauliza anwani ya seva yenyewe, nawe unapewa kiungo cha mhusika wake. La pili, FEP-2677, linaweka kiungo hicho katika NodeInfo, yaani maelezo ambayo seva hutoa kujihusu. Yote mawili ni mapendekezo, si sehemu ya itifaki.

Hata hivyo, saini ya seva inathibitisha ombi limetoka wapi tu. Haithibitishi kuwa bei ya mahindi iliyotangazwa ni ya kweli, wala kuwa lori lipo, kama vile sili nzima isivyoeleza ubora wa mzigo.

Kwa hiyo chama kinachotaka kufungua seva kimuulize fundi mambo matatu. Je, seva ina mhusika wake? Je, seva nyingine zinaweza kumpata? Na jina la anwani, liwe la .rw au jingine, limeandikishwa kwa chama au kwa fundi? Likiwa la fundi, siku atakapoondoka huenda akaondoka na sili yenu.